Shule za Ulaya na mabadiliko ya jamii na uchumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa ualimu, kwa watu wanaotafuta mfano wa kuiga, na kwa wazazi waliohamia Ulaya wakiwa na watoto wa shule. Majibu hayana urefu sawa, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Nchi za Ulaya ni majirani na uchumi wao unakaribiana. Mbona shule zao zinatofautiana kiasi hiki?

Kwa sababu uchumi hauingii darasani moja kwa moja. Migodi ikifungwa, wakulima wakihamia mjini, wageni wakifika au watoto wakipungua, kila nchi huanza kubishana, na ubishi wenyewe karibu kila mara ni ule ule: nani akae darasa moja na nani, na mpaka umri gani? Mtoto wa daktari na mtoto wa dereva wa lori wasome pamoja mpaka miaka 10, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ujerumani, au mpaka 16, kama Ufini? Anayeshinda ubishi huo ndiye anayeipa shule sura yake. Ukilishika swali hilo moja, sehemu kubwa ya ramani ya elimu ya Ulaya inaanza kusomeka.

Ni kweli kwamba viwanda ndivyo vilivyoleta elimu ya lazima?

Si kwa namna inayosimuliwa mara nyingi. Prussia, ufalme wa Wajerumani wakati huo, ilitoa amri ya kuwalazimisha watoto kusoma mwaka 1763, enzi za mfalme Frederick wa Pili, wakati watu wake walio wengi walikuwa wakulima. Alichotaka mfalme ni raia watiifu, wacha Mungu, wanaoweza kusoma. Uingereza, iliyowatangulia wote kwa viwanda, ilichelewa zaidi ya miaka 100, na viwanda vyenyewe ni sehemu ya sababu: mikono ya watoto ilikuwa kazini, na ujira wa mtoto ulikuwa sehemu ya chakula cha nyumbani. Sheria ya viwanda ya 1833 ilidai watoto wa viwanda vya nguo wapate saa 2 za masomo kwa siku. Wenye viwanda wengi walitimiza hilo kwa jina tu.

Mambo mawili yaligeuza upepo. Mwaka 1867 wanaume wengi wa tabaka la wafanyakazi mijini walipata haki ya kupiga kura, na wakubwa wakaingiwa na hofu ya wapiga kura wasiojua kusoma. Halafu washindani wa ng'ambo walianza kuikaribia Uingereza kwa bidhaa. W. E. Forster, aliyewasilisha mswada wa elimu wa 1870, aliliambia Bunge kwamba ustawi wa viwanda unategemea elimu ya msingi. Mahudhurio yakawa lazima mwaka 1880, mpaka umri wa miaka 10, na ada ikaondolewa katika shule nyingi za msingi mwaka 1891.

Ufaransa nayo ilishindwa vitani na Prussia mwaka 1870–71, na wengi huko waliamini kwamba aliyewashinda hasa ni mwalimu wa shule wa Kiprussia. Sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 zikaleta shule ya umma isiyo na ada, ya lazima, isiyofundisha dini. Kwa maoni yangu, hofu ya jirani imejenga madarasa mengi Ulaya kuliko nadharia yoyote ya malezi.

Kwa nini Ujerumani bado inawachuja watoto wakiwa na miaka 10?

Wengi hudhani ni mpango uliobuniwa na wataalamu. Ni mapatano ya kisiasa yaliyogoma kufa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya mrengo wa kushoto vilitaka watoto wote wasome pamoja kwa miaka mingi zaidi; tabaka la wasomi na wenye mali halikutaka kabisa. Sheria ya 1920 ikawapatanisha kwa miaka 4 ya shule ya msingi ya pamoja. Baada ya hapo njia zinaachana: Gymnasium kwa wanaoelekea chuo kikuu, Realschule kwa kazi za ofisini na ufundi wa kati, Hauptschule kwa waliobaki.

Kwa miongo kadhaa mpango huo haukuwaumiza wengi, kwa sababu kijana wa Hauptschule alikuwa na pa kwenda. Migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya chuma na karakana zilimngoja, na mshahara wa fundi ulitosha kulea familia. Ajira hizo zilipoanza kupungua tangu miaka ya 1970, Hauptschule ikageuka shule ya wasio na pa kwenda, wakiwemo watoto wengi wa wafanyakazi walioletwa kutoka Italia kwa mkataba wa 1955 na kutoka Uturuki kwa mkataba wa 1961. Desemba 2001 yakatoka matokeo ya kwanza ya PISA, mtihani wa kimataifa kwa vijana wa miaka 15 unaoendeshwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri. Ujerumani ilikuwa chini ya wastani na, lililouma zaidi, ilikuwa miongoni mwa nchi ambako hali ya mzazi iliamua zaidi alama za mtoto.

Yaliyofuata ni mengi: fedha za kuongeza shule za kutwa nzima, viwango vya pamoja kwa majimbo yote 16, chekechea kuchukuliwa kama elimu. Majimbo mengi yameiunganisha Hauptschule na Realschule. Lakini umri wa mchujo haukuguswa. Hamburg ilipojaribu kurefusha shule ya msingi kuwa miaka 6, wananchi waliipinga kwenye kura ya maoni ya Julai 2010, na waliojitokeza kwa wingi walikuwa wakazi wa mitaa ya wenye uwezo. Ujerumani Mashariki ilikuwa na shule ya pamoja ya miaka 10. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990 majimbo yake yaliirithi Gymnasium ya magharibi, na ni wachache waliotaka kusikia kwamba upande ulioshindwa huenda ulikuwa na jambo la kufundisha.

Kama mchujo wa mapema una kasoro, Ufini iliuondoaje?

Kwa kubadilika haraka mno, kiasi kwamba mfumo wa zamani haukuwa na mtetezi wa kutosha. Mpaka miaka ya 1950 Ufini ilikuwa nchi ya mashamba na misitu. Ilikuwa imetoka vitani, imepoteza sehemu ya Karelia, eneo lake la mashariki, na imelazimika kuwapa makazi watu zaidi ya 400,000 waliohamishwa kutoka huko. Miaka ya 1960 vijiji vilianza kubaki vitupu. Watu walikimbilia miji ya kusini na Uswidi. Mtoto wa mkulima mdogo aliyetaka kuendelea baada ya miaka 4 ya shule ya msingi alipaswa kupita mtihani na kuingia shule ya sekondari iliyotoza ada, mara nyingi mbali na nyumbani. Chama cha wakulima, ambacho huko nyuma kilikuwa na mashaka, kikaona kwamba shule ya pamoja ndiyo njia ya kuvipa vijiji haki yake. Wakulima na wanasoshalisti wakapiga kura upande mmoja.

Sheria ilipita mwaka 1968. Utekelezaji ulianza mwaka 1972 huko Lapland, kaskazini ya mbali, yaani kwenye baridi na umaskini, ukateremka kusini mpaka ukaifikia Helsinki mwaka 1977. Huo mpangilio una akili nyingi: eneo lililokuwa na shule chache ndilo lililopata kwanza, na mji uliokuwa na shule nyingi za sekondari za kulinda ukaachwa mwisho. Mafunzo ya walimu yakahamia vyuo vikuu, na tangu 1979 mwalimu wa darasa anahitaji shahada ya uzamili. Makundi ya uwezo katika hisabati na lugha yakafutwa mwaka 1985.

Anayetaka kuiga Ufini kwa kuiga yale yaliyoonekana mwaka 2001, iliposifiwa kwa matokeo yake ya PISA, ukaguzi mchache na mitihani michache, anaiga paa bila kuangalia msingi. Uhuru wa walimu ulikuja mwishoni, baada ya miaka 20 ya usimamizi mkali kutoka Helsinki.

Lakini siku hizi Ufini si imeshuka?

Imeshuka, na si kidogo. Wastani wake wa hisabati katika PISA ulikuwa 548 mwaka 2006 na 484 mwaka 2022. Wanaolaumu simu wana hoja, wanaotaja kubanwa kwa bajeti wana hoja, na pengo kati ya mitaa ya Helsinki limepanuka. Sababu moja inayotosha haijapatikana. Tangu 2021 elimu ya lazima imepandishwa mpaka miaka 18.

Uchumi ukikua, si watoto husoma zaidi?

Hispania inajibu hapana, na ni mfano ambao kila waziri wa elimu angefaa kuusoma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka 2007 nchi ilikuwa inajenga nyumba na mahoteli kwa kasi ya ajabu. Kijana wa miaka 16 aliyemaliza elimu ya lazima aliweza kwenda kubeba matofali au kuhudumia wageni pwani, na baada ya muda mfupi akanunua gari. Kwa nini abaki darasani? Mwaka 2008 karibu vijana 3 kati ya 10 wenye miaka 18 hadi 24 walikuwa wameacha masomo bila kumaliza sekondari ya juu, wengi wao wavulana. Visiwa vya Balearic, vinavyoishi kwa utalii, vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi.

Kisha ujenzi ukaporomoka. Ukosefu wa ajira kwa vijana ukapita 50% mwaka 2012, na madarasa yakajaa tena. Mwaka 2023 walioacha walikuwa karibu 14%. Serikali zilizopokezana zilipitisha sheria mpya ya elimu moja baada ya nyingine, 1990, 2002, 2006, 2013 na 2020, kila moja ikifuta sehemu ya iliyotangulia, lakini ninaamini saruji iliwaamulia vijana mengi kuliko sheria hizo zote. Gharama ya kukaa shuleni ni mshahara unaoukosa. Mshahara huo ukitoweka, shule inakuwa rahisi.

Je, Ureno ilipitia hayo hayo?

Haikupitia njia hiyo. Ureno ilikuwa na mzigo wa udikteta ulioridhika na raia wenye elimu ndogo: mwaka 1970 karibu robo ya watu hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 shule zilifurika, elimu ya lazima ikawa miaka 9 mwaka 1986, kisha 12 kwa sheria ya 2009. Mwanzoni mwa karne hii zaidi ya 40% ya vijana walikuwa wakiacha mapema; mwaka 2020 walikuwa chini ya 10%. Ni moja ya safari ndefu zaidi katika Ulaya nzima, na haisifiwi inavyostahili.

Kuanguka kwa ukomunisti kulibadilisha nini?

Kulitegemea nchi. Estonia ilipopata tena uhuru mwaka 1991 ilikuwa maskini, ndogo, na haina rasilimali ya kuuza. Mwaka 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango wa Tiigrihüpe, yaani mruko wa chui milia, wa kupeleka kompyuta na intaneti katika shule zote. Kinachosahaulika ni kwamba Estonia haikubomoa shule ya pamoja ya miaka 9 iliyoikuta. Iliongeza kompyuta juu ya mfumo usiochuja mapema. Katika PISA ya 2018 iliongoza Ulaya, na katika ile ya 2022 iliongoza Ulaya kwa hisabati na sayansi. Jeraha lake ni lugha: shule zilizofundisha kwa Kirusi zimeanza mwaka 2024 kuhamia Kiestonia, na wazazi wengi wa jamii hiyo hawakufurahi.

Poland ilirefusha masomo ya pamoja mwaka 1999 kwa kuanzisha shule ya kati iitwayo gimnazjum, na alama zake za PISA zikapanda kwa zaidi ya mwongo. Serikali ya mwaka 2017 ikaanza kuifuta, ikisema shule hizo zimeharibu nidhamu. Matokeo yake, mwaka 2019 vijana wa mikupuo miwili waligombea nafasi za sekondari ya juu kwa wakati mmoja.

Soko huria limefika shuleni?

Uswidi imekwenda mbali kuliko nchi nyingi. Mwaka 1991 shule zilikabidhiwa manispaa, na mwaka 1992 ukaja utaratibu wa vocha: fedha za kodi humfuata mtoto, hata akiingia shule ya kampuni inayogawa faida kwa wanahisa. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na imani katika dola kubwa ilikuwa imetikisika. Mwaka 2013 kampuni ya JB Education ilianguka na kuwaacha maelfu ya wanafunzi wakitafutiwa shule nyingine. Matokeo ya PISA ya mwaka 2012 yalionyesha Uswidi imeshuka vibaya. Yamepanda na kushuka tena tangu hapo. Wazazi wenye elimu huijua foleni ya shule nzuri tangu mtoto akiwa mchanga. Mzazi aliyewasili mwaka jana haijui. Hapo ndipo uhuru wa kuchagua unapogeuka mchujo bila mtu kuuita hivyo.

Vyuo vikuu vya England vilianza kutoza ada mwaka 1998, pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2012 kiwango cha juu kilifika 9,000. Scotland, ndani ya dola hiyo hiyo, haiwatozi wanafunzi wake. Majimbo kadhaa ya Ujerumani yalijaribu ada kuanzia 2006, wapiga kura wakakataa, na la mwisho likaiacha mwaka 2014.

Dini bado ina nafasi?

Ndiyo, na Uholanzi ndiyo mfano. Mapatano ya 1917 yaliipa shule ya kidini fedha sawa na ya serikali, na mpaka leo karibu theluthi mbili ya watoto wa shule ya msingi wanasoma katika shule zisizo za serikali ingawa waendao kanisani ni wachache. Waislamu walipoongezeka, walitumia kifungu kile kile kuanzisha shule zao. Ufaransa ilikwenda njia nyingine: sheria ya 2004 ilipiga marufuku alama za wazi za dini katika shule za umma, na hijabu ndiyo iliyokuwa akilini mwa wote.

Wakimbizi na wahamiaji hupokelewaje shuleni?

Mara nyingi kwa darasa la lugha kwanza, kisha darasa la kawaida. Tatizo ni saa ngapi mtoto anakaa katika hilo la kwanza, na anafika akiwa na miaka mingapi. Anayefika Ufini akiwa na miaka 11 ana miaka ya kutosha kujifunza lugha kabla njia hazijaachana. Anayefika Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, akiwa na umri huo huo amekuta mlango umeshafungwa nusu. Watoto wa Ukraine waliofika Poland mwaka 2022 wengi waliendelea kwanza na masomo ya kwao kwa intaneti. Tangu Septemba 2024 Poland imewataka waingie shule za Kipolandi.

Uanagenzi wa Ujerumani na Uswisi unasifiwa sana. Mbona hauigwi?

Watu huiga mtaala wakasahau mwajiri. Mwanagenzi anasaini mkataba na kampuni, analipwa, anafanya kazi siku nyingi za wiki na kwenda shule ya ufundi siku moja au mbili. Vyama vya waajiri na vya wafanyakazi hukaa pamoja kuandika kila fani ifundishwe nini, na mabaraza ya biashara na ufundi husimamia mitihani. Nchi isiyo na waajiri waliozoea kukaa meza moja hivyo itapata majengo ya ufundi na vyeti, si uanagenzi. Uswisi hupeleka huko karibu theluthi mbili ya vijana wake, na haionekani kama adhabu.

Umoja wa Ulaya hauwezi kuzilazimisha nchi zifanane?

Hauwezi. Mkataba wake unaacha mitaala na mifumo mikononi mwa nchi wanachama. Una fedha, una malengo, na tangu 1987 una Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mpango wa Bologna wa 1999, uliofananisha ngazi za shahada, ulisainiwa na nchi 29 nje ya sheria za Umoja huo.

Watoto wanapungua. Shule zitakuwaje?

Italia ina wastani wa watoto karibu 1.2 kwa kila mwanamke. Vijiji vya kusini mwake, na vya Latvia, vinapoteza shule, na shule ikifungwa vijana wenye watoto nao huondoka. Wakati huo huo miji mikubwa ya Ujerumani inahangaika kutafuta walimu.

Kiswahili kimewahi kuwemo katika habari hii?

Kimo, tena mapema. Ujerumani ilipoanza kutafuta makoloni na biashara, ilifungua mjini Berlin mwaka 1887 seminari ya lugha za mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea pwani yetu. Walimu wake walikuwa pamoja na Amur bin Nasur wa Zanzibar, miaka ya 1890, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hamburg nayo ilianzisha taasisi ya kikoloni mwaka 1908, na chuo kikuu cha mji huo, kilichofunguliwa 1919, kilisimama juu yake. Idara za Kiswahili zilizopo Ujerumani leo zina mizizi huko.

Tunaishi Ujerumani na mtoto wetu yuko darasa la tatu. Tufanye nini?

Mwombeni mwalimu miadi mwaka huu, msingoje wa nne. Pendekezo la shule huandaliwa darasa la nne, na Berlin na Brandenburg darasa la sita. Katika majimbo mengi kauli ya mwisho ni ya mzazi. Bavaria ni tofauti: kuingia Gymnasium kwa kawaida kunahitaji wastani wa 2.33 au bora zaidi katika Kijerumani, hisabati na maarifa ya jamii na mazingira, na kumbukeni kwamba huko alama 1 ndiyo ya juu. Mwalimu akisema mtoto "bado hajawa tayari", muulizeni ni lugha au ni uwezo, maana watoto wa wahamiaji huchanganyiwa hayo mawili.

Akipelekwa Realschule, njia haijafungwa. Kuna Gymnasium za ufundi na Fachoberschule, yaani shule za sekondari ya juu za ufundi, zinazompokea baadaye, na tangu mwaka 2009 majimbo yalikubaliana kwamba fundi mwenye cheti cha Meister, yaani fundi mkuu, anaweza kuomba chuo kikuu bila kuwa na Abitur, cheti cha kumaliza Gymnasium.